Soda Zilizobaki na Vizibo

Wiki iliyopita ndege yetu ya Nairobi ilifutwa tukiwa tumeshakaa ukumbini, hapa hapa uwanja wa Bujumbura. Kijana wa shirika la ndege akaja na kreti ya soda baridi, tabasamu na kifungulio. Chupa zilikuwa zimeshagawiwa na mikono imeshanyooshwa zifunguliwe, pale mama mmoja wa mtaa wa Ngagara, muuza vitenge, alipofunika chupa yake kwa kiganja.

"Apana, mutoto wangu. Usifungue."

"Mama, ni ya kupoza koo tu."

"Kwetu, mutu akikunywa cha mwenye kosa, maneno imekwisha. We ni Murundi, unajua. Tuambie kwanza: tutakula wapi, tutalala wapi, tutasafiri lini, na hasara yetu nani atalipa?"

Sote tukafunika chupa zetu. Mzee aliyekuwa akienda kutibiwa figo alifunika yake kwa kofia. Kijana akakitazama kifungulio kana kwamba kimemsaliti, akatoka.

Alirudi na bosi wake, ambaye alitamka mbele yetu sote: hoteli, chakula, ndege ya asubuhi, na fidia kwa kila abiria.

"Sasa fungua," mama akasema. Chupa ya kwanza akampa bosi. "Na we kunywa, patron. Kesho usiseme haukukuwa hapa."

Haki za abiria zimeandikwa kwenye tiketi kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Hii ya chupa haihitaji miwani. Soda ilikuwa imeshapata joto, lakini bosi aliimaliza yote, nasi tukimtazama koo.