Kijiti cha Mwalimu Kikoti

Enzi zetu pale Igowole, mtoto aliyetaka kupiga muziki alianza na kwapa. Vijana wa sasa chekeni tu, nyie mmezaliwa na simu mkononi. Mwezi wa saba ukungu ulishuka mpaka mlangoni, na ukiweka tarumbeta mdomoni asubuhi bila maandalizi, meno yalitaka kuhama. Basi Mwalimu Kikoti, kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya usharika wetu, alipaza sauti: "Nyie watoto, kwapa!" Sote tulichomoa kile kipande cha kupulizia na kukibana kwapani mpaka kipate joto. Makwapa yenyewe yalikuwa hayajui manukato. Huko ndiko nyimbo takatifu zilikotokea.

Matarumbeta yetu yalikuwa na mabonde kuliko barabara ya Kilolo ya wakati ule. Jumamosi tuliyasugua kwa majivu na limau, halafu tunarudi nyumbani kula kande tukinuka shaba. Mama hakufurahi hata kidogo. "We Tumaini," alikuwa akiniambia, "utapuliza hilo dude mpaka midomo ivimbe, halafu nani atakuoa?" Niliolewa, Mama, tena mpaka Ilomba, Mbeya, na mwanaume aliyeniona kwa mara ya kwanza nikiwa nimevimbisha mashavu yote mawili.

Mwalimu alikuwa na kijiti cha mwanzi, mwanzi ule ule unaogemwa pombe ya ulanzi, na kijiti hicho ndicho kilikuwa sheria. Kikipanda, mnaanza. Kikiwa juu, huachi hata inzi akiingia puani. Kikishuka, kimya. Tukichelewa mazoezi hakutuchapa. Alikiacha kijiti juu tu, nasi tunarudia ubeti wa mwisho, tunarudia tena, macho yanatutoka, yeye akitazama mashamba ya chai kama mtu aliyetusahau. "Nikishusha ndo mnaacha," alikuwa akisema. "Nani ana haraka hapa?" Leo hilo lingeitwa ukatili, na tungeitiwa semina yenye soda.

Kila mwaka bendi ilifunga msimu wake siku ya Sikukuu ya Mavuno, watu wakileta mahindi, maboga na kuku wa kunadishwa kanisani. Kuku waliwika katikati ya wimbo, na Mwalimu hakuwahi kuwaonya. Nadhani aliona wanashika sauti kuliko sisi.

Mwaka huu nikapigiwa simu. Mwalimu anastaafu Sikukuu ya Mavuno, wote tuliopita mikononi mwake tunaombwa tuje kupiga. Nikauliza, na bendi je? Nikaambiwa kwa upole mwingi kwamba bendi inapumzishwa pamoja naye. Usharika umenunua kinanda cha umeme, chenye ngoma, gitaa na tarumbeta humo humo ndani. Nikawapongeza. Tarumbeta lisilohitaji pumzi ya mtu wala kwapa, nani angekataa maendeleo kama hayo?

Nikasafiri. Tulijikuta kikundi kidogo cha wazazi wa watu, wengine na meno ya kununua, nyuma ya kanisa, ukungu ukiwa ule ule. Mwalimu alikuwa amepungua ndani ya koti lake.

"Kamwene, Mwalimu," tukamwamkia.

"Kamwene. Kwapa!"

Tukatii, na suti zetu. Erick, kijana wa kinanda, akanipa shikamoo nzuri kabisa, kisha akaniuliza kama yale ninayofanya kwapani ni maombi. Nikamwambia ndiyo.

Risala zikasomwa. Mwalimu akapewa blanketi na kiti cha kupumzikia, kwa hiyo ujumbe ulieleweka. Mshereheshaji akatuomba wimbo mmoja, mfupi, kwa sababu kinanda kipya kilikuwa kinasubiri kuzinduliwa na ratiba ilikuwa imebana. Kinanda hakikuonekana kuwa na shida ya kusubiri.

Kijiti kikapanda. Tukapiga, vibaya mwanzoni, halafu vizuri kuliko nilivyotegemea. Kwenye ubeti wa mwisho mkono wa Mwalimu ulibaki juu. Tukarudia. Mshereheshaji akaangalia saa. Tukarudia tena. Hatimaye Mwalimu akatutazama mmoja mmoja, akavuta pumzi, akakishusha kijiti.

Hatukuacha.

Hatukupanga, wala hatukukonyezana. Mimi nilijua tu kwamba kijiti kile kikishuka leo hakipandi tena, na midomo yangu ikagoma kufunga. Mzee wa besi pembeni yangu naye akagoma. Bendi nzima, watu tusiowahi kumkaidi tangu utoto, tukarudi mwanzo wa ubeti.

"Mmekuwa viziwi nyie?" Mwalimu akafoka. "Si nimeshusha!"

Alifoka huku machozi yanamshuka. Alipoona hatusikii, akaenda kukaa kwenye kile kiti chake kipya, kijiti mapajani, akafumba macho. Nilikuwa sijawahi kumwona akitusikiliza amekaa. Nilipuliza nikilia, jambo ambalo simshauri mtu mwenye tarumbeta. Tukaishiwa mmoja baada ya mwingine, kila mtu pumzi yake ilipokomea. Wa mwisho alikuwa mzee wa besi, naye aliacha kwa sababu ya kikohozi.

Kisha Erick akazindua kinanda, kwa mkono mmoja, mwingine ukishika simu. Watu walipiga makofi, nami nilipiga, nina malezi. Baadaye nikaenda kumuuliza kinavyofanya kazi. Akanieleza kwa heshima zote, maana kijana mwenyewe hana ubaya. Enzi zetu kuuzima muziki ilikuwa kazi ngumu, ilimshinda hata Mwalimu Kikoti mwenyewe. Sasa wamerahisisha. Kuna kitufe pembeni hapo, chekundu. Ukibonyeza kinanyamaza papo hapo, wala hakibishi.