Sababu ya Kiongozi Kuondoka

Nimejaza fomu nyingi maishani nikazisahau. Ile moja tu ndiyo inanikosesha raha mpaka leo.

Tulikuwa wanawake watano hapa Kigombe, tunashona mashuka na sare. Mwenyekiti wetu ndiye aliyetukusanya. Alinifundisha kukata kitambaa, mimi niliyekuwa naharibu hata foronya, akinisema mpaka nalia, kisha ananimiminia chai. Namwita dada ingawa hatuna damu moja. Hamu yake ilikuwa moja: kikundi kisajiliwe kuwa kundi maalumu, kipate cheti, maana zabuni za serikali zina fungu la wanawake, na bila cheti tungeishia kuuza gulioni tu. Miaka miwili alifuatilia kwa miguu yake. Katiba aliiandika yeye, mihuri aliitafuta yeye.

Halmashauri ilipotuita viongozi tukahakikiwe ana kwa ana, mume wake alikuwa na wiki tatu kaburini. Dada yuko ndani, anakaa eda.

Nikaenda peke yangu, katibu. Afisa aliyenipokea alikuwa kijana wa bara, mgeni kazini, mpole, ananiamkia kila nikiingia. Nikamweleza kwamba mwenyekiti yuko eda. Akaniuliza hiyo eda ni ugonjwa gani, na atapona lini. Hasira zilinipanda, nikazimeza, nikamfafanulia: mjane hatoki, miezi minne na siku kumi. Akasikitika kwelikweli. Ila mfumo unafungwa Ijumaa, akasema, nao unajua viongozi wa aina mbili tu, aliyepo na aliyeondoka. Akanigeuzia kompyuta nione sababu za kuondoka. Kujiuzulu kulitaka barua yenye sahihi yake. Kuhama kulitaka barua ya mtendaji wa kijiji. Kufariki kulitaka muhtasari wa kikao, basi.

Nikarudi, tukakaa wanne. Mtu atasema, si mngemwendea tu akasaini? Nyumba yenyewe hatua chache. Lakini sisi tuna haya. Utamwingilia vipi mjane na kalamu mkononi, umwambie jiuzulu, machozi yake hayajakauka? Tukasema tumstahi, tusimpelekee mambo ya dunia. Ni karatasi tu, akitoka tutamrudisha. Nikaandika kwa mkono wangu kwamba mwenyekiti wetu amefariki dunia, wenzangu wakasaini, na mwenyekiti nikawa mimi. Siku ileile nilimpelekea uji. Akaniuliza cheti kimefikia wapi, nikamwambia kinakwenda vizuri. Mjinga mimi.

Cheti kikatoka, tukapata kazi ya mashuka ya kituo cha afya. Habari ya kumrudisha dada sikuthubutu kuiulizia, maana ningeulizwa amefufukaje.

Alitoka eda Jumatano. Alhamisi alikuwa ameshakaa kwenye cherehani yake, anapinda mashuka na kufumua pindo zangu mimi. Alikifurahia kile cheti utadhani kajifungua. Wallahi niliapa nitamwambia tukishamaliza kazi. Hatujamaliza, yule afisa akaja kukagua. Akatuamkia sote, tukaitikia, akasimama kwa adabu, mikono mbele.

"Poleni sana kwa kumpoteza mwenyekiti wenu," akasema. "Nasikia ndiye aliyeanzisha kikundi."

Hakuna aliyenyanyua uso. Cherehani ya dada ikasimama. Akamtazama yule kijana, akanitazama mimi, akaelewa yote. Neno lake moja lingetosha cheti kifutwe na sisi wanne tuitwe polisi.

"Tumeshapoa, mwanangu," akamjibu.

Akaendelea kushona mpaka kijana alipomaliza kukagua na kwenda zake. Kisha akakata uzi, akakunja shuka, akafunika cherehani kwa kitambaa chake. Nilikuwa nimeshaanza kulia. Hakunionea huruma, na kwa nini anionee?

"Matanga yangu mlipika nini?" akaniuliza.

Akajitanda kanga yake akatoka.

Hakurudi tena. Nimekwenda kwake kuomba radhi, hodi naitikiwa, kiti napewa, maneno sipewi. Ile cherehani tulimpelekea nyumbani, maana ni yake, kainunua kabla hata kikundi hakijakuwepo. Akairudisha siku ileile kwa mkokoteni, na ujumbe kwamba marehemu hana mali, ana warithi. Iko hapa mbele yangu, imefunikwa vilevile alivyoifunika.