Kasuku Aagiza Mwenyewe

Kinyozi yule watu walimwita Kasuku, na jina lilimkaa kama kofia. Ukienda kunyoa kidevu tu, ungeinuka kitini unajua nani kaoa, nani kaachika na nani anataka kuhama. Kwa hiyo kiharusi kilipompiga, mkono ukapona lakini ulimi ukagoma, mtaa mzima ulisikitika kuliko kama angevunjika miguu yote miwili. Maneno alikuwa nayo kichwani, tele. Yalikuwa yanagongana mlangoni.

Mkewe, mshonaji wa mapazia, hakukubali mumewe ajifungie ndani. Binti yao alipopandishwa cheo kazini akawaalika kwenye mkahawa mpya, ghorofani, wenye vitambaa vyeupe mezani, mama alimpigia Kasuku shati pasi mara mbili. Mhudumu wa huko alikuwa na adabu zake: aliwavutia viti, akainama, akatabasamu. Akaandika agizo la binti, akaandika la mama. Kisha akamgeukia mama tena, akauliza kwa sauti ya chini:

"Na yeye atakula nini?"

Kasuku alikuwa amekaa palepale. Alifungua kinywa. Mhudumu alisubiri kidogo, kisha akamtazama mama kwa huruma, kama mtu anayeomba aokolewe. Mama naye, kwa kutaka kuifunika aibu ile, akajibu haraka kwamba aletewe samaki.

Samaki alikuja amepambwa kama bwana harusi. Kasuku alimla nusu, akaisukuma sahani. Njiani binti aliisifu huduma mpaka wakafika nyumbani. Baba yake alikuwa akiwaza jinsi alivyonyoa watu maisha yake yote bila kumuuliza mtu mwingine habari za kichwa kilichokuwa mbele yake. Hata mtoto aliyeletwa na mama yake akilia, Kasuku aliinama akamuuliza yeye. Tangu siku hiyo, ukimtajia kula nje alitikisa kichwa tu.

Ikapita miezi. Siku moja Kasuku na mkewe wakitoka hospitali kwenye mazoezi ya kuzungumza, mvua iliwakamata njiani, wakakimbilia kwenye kimgahawa kilichojaa mafundi magari. Mhudumu alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, anayetua vikombe kwa kishindo, na tabasamu hana hata la kuazima. Akaja akasimama mbele ya Kasuku.

"Baba, utakula nini?"

Mama akawahi, kwa mazoea, kusema samaki. Yule mhudumu hakugeuka.

"Nimemuuliza baba."

Kisha akangoja. Hakumtilia maneno kinywani, wala hakukodoa macho. Alichukua kitambaa akafuta meza, taratibu, kama mtu ambaye siku yote ni yake. Fundi mmoja akaita chai kutoka meza ya nyuma, akaambiwa asubiri, kuna mteja anaagiza.

"Ma…" Kasuku alisema. Jasho likamtoka. "Ma… maini. Na… ndimu."

"Maini na ndimu," mhudumu akarudia, akaenda zake.

Mama akamgeukia mumewe. "Maini? Wewe si mtu wa samaki?"

Kasuku akatikisa kichwa.

"Tangu lini?"

"Tangu… zamani."

Ikabidi aeleze, neno moja moja, mpaka chakula kikafika. Wiki ya kwanza ya ndoa yao bibi harusi alikaanga samaki, akasimama pembeni akisubiri kusifiwa, na Kasuku akamsifu kupita kiasi. Ulimi ukamponza. Tangu hapo kila penye jambo la furaha, samaki. Mtu aliyemwaga siri za mtaa mzima, hiyo moja aliizika.

"Miaka yote hiyo nakukaangia!" mama akasema.

"Alikuwa… mtamu," Kasuku akajibu. "Paka… alisema."

Mama akampiga kikofi mkononi, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Mafundi wakageuka kutazama. Kasuku alimaliza maini yote, akafuta sahani kwa mkate.

Basi wakawa wateja wa pale. Kila wakitoka mazoezini walipitia, na yule mhudumu mkali kila mara alimuuliza yeye, akangoja, akafuta meza. Daktari alisifu maendeleo akidhani ni mazoezi yake peke yake.

Asubuhi moja Kasuku alionja chai, akatua kikombe, akamtazama mhudumu.

"Chai hii imepoa," akasema.

Ilitoka nzima, bila kujikwaa popote. Mama aliacha kutafuna. Mhudumu naye alisimama kidogo, kisha akanyakua kikombe.

"Haya. Mzee kapona, usumbufu umeanza," akasema, akaelekea jikoni. Mama aliona wazi kwamba anatabasamu, ingawa alikuwa amewapa mgongo. Aliporudi na chai inayofuka moshi, Kasuku alikuwa tayari ameanza, kwa kusitasita lakini bila aibu, kumweleza kwamba sukari nayo ilikuwa kidogo.