Achomwe

Mimi na subira hatujawahi kulala nyumba moja, na hilo nimelirithi kwa baba. Miaka ya tisini, ukame ulipotumalizia mifugo Modogashe tukahamia Garissa, mzee hakuweza kutulia nyumbani. Asubuhi ameshatoka, huyo, soko la mifugo. Lakini mguu wa kushoto ukaanza kumgomea. Akienda hatua chache, shavu la mguu linakaza, anasimama. Kwa kuwa hakutaka watu wajue, alijifanya anakagua mbuzi wa wenyewe. Maumivu yakipoa, anaendelea. Mimi binti yake nilikuwa nikimfuata kwa mbali, roho juu juu.

Kidole kilipofanya kidonda kisichopona, nikamburuta hospitali. Wakampiga picha mguu. Daktari akaishika picha dirishani: mishipa ya damu ilikuwa imetoka myeupe. Ni chokaa, akasema, na chokaa ikiwa nyingi hivi ujue ugonjwa umekomaa. Damu haishuki, mguu unaweza kupotea.

"Achomwe, kuanzia leo," akasema, akaandika karatasi.

Kiswahili changu kilikuwa cha kuuzia maziwa sokoni. Kuchoma nilikokujua ni kuchoma nyama na kuchoma mkaa. Na kwetu mguu ukisumbua, mtu huchomwa na fundi kwa chuma cha moto. Ndiyo dawa tuliyorithi. Nikamfasiria baba hivyo hivyo. Akafurahi.

"Aabo," akaniambia, maana kwetu baba humwita mwanawe kwa neno lile lile analoitwa yeye, "kumbe hata hawa wanaujua moto. Sasa foleni ya nini? Twende kwa fundi wetu."

Nami foleni ilikuwa imeshanichosha. Karatasi nikaikunja. Mwandiko wa daktari nani anausoma?

Alichomwa mara tatu kwenye shavu la mguu, hakuguna. Siku ya kumi majeraha yalikuwa yameoza na kidole kimekuwa cheusi. Tukarudi hospitali mbio mbio.

"Nani kamchoma moto mzee huyu?" muuguzi akauliza. "Tulisema achomwe sindano."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamweleza baba kila kitu kwa Kisomali, sikuficha, huku nalia. Mguu ulikuwa ukatwe kesho yake, juu ya goti.

Daktari akaja amekasirika, akitaka kujua nani aliyefasiri siku ile. Nikafungua mdomo. Baba, ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa cha kupatana bei ya mbuzi, akanishika mkono kwa nguvu.

"Huyu mtoto nasema sindano," akasema. "Ni mimi nasikia fibaya."

Daktari akaniangalia. Nilichukua kalamu, nikatia sahihi baba akatwe mguu.