Daftari la Makosa la Mama Kartik

Marubani wote tunaoingia Iringa tumewahi kumwomba Mama Kartik apande ndege angalau mara moja, na wote ametupa jibu lilelile: "Nipande na nani? Si mimi ninayesoma makosa yenu?"

Huwezi kubishana naye. Binti yake Jinal ameolewa Mbeya, anakaa Iyunga, na kila anapotaka kumwona mjukuu, mama huyu wa miaka sabini na moja hupanda basi alfajiri akateremka alasiri miguu imevimba. Kwa ndege saa moja hata haifiki. Nimembembeleza mpaka nikalitaja jina la mjukuu. Akaniongezea chai kikombeni, akaniambia, "Kunywa, Libe, itapoa."

Jina lake hasa ni Jashoda. Alizaliwa hapahapa Iringa, dukani kwa baba yake aliyeuza vitambaa, na mteja akiingia hotelini kwake asubuhi humkaribisha kwa "Kamwene" la Kihehe safi kuliko langu, mimi Liberatus, Mhehe niliyekulia shule za bweni. Hoteli yenyewe ina meza sita, ipo mtaa wa nyuma ya soko. Chai ya maziwa yenye tangawizi, bajia, kachori, na siku za baridi kali supu ya choroko. Mwanawe Kartik alimtaka aifunge akapumzike naye Dar es Salaam. Alikwenda wiki mbili, akarudi akilalamika kwamba kule chai hainyweki kwa joto.

Daftari aliliacha mumewe. Mzee Umakant alikuwa fundi wa ndege, na kilichomchosha katika kazi ile si grisi, ni uongo. Rubani alimletea ndege gurudumu limepasuka, akaapa limepasuka lenyewe. Mwingine alimletea pangaboi limepinda, akasema labda ni ndege mnyama. Siku moja mzee akaweka kaunta buku kwenye meza ya pembeni hotelini kwa mkewe, akatangaza masharti: andika ukweli, usiandike jina, na anayetaka kusoma ya wenzake aandike kwanza lake. Lake mwenyewe, si la jirani. Marubani walicheka sana. Wiki ya tatu mmoja akaandika, na tangu hapo halijasimama. Mzee Umakant alifariki miaka kumi na tisa iliyopita, daftari sasa ni la sita, na Mama Kartik hulihifadhi chini ya debe la unga wa dengu. Kurasa zote zina alama za mafuta ya bajia.

Mtu wa nje atauliza, kwa nini mambo ya usalama wa anga yaandikwe kwenye hoteli ya bajia na ofisi ya wakaguzi ipo? Ofisi ipo. Jina lake siliandiki hapa, kwa sababu nina leseni na bado naipenda. Lakini nitasimulia habari za Sedekia.

Sedekia ni rubani mwenzetu, mtu mpole, mlokole, hata kahawa hanywi. Miaka minne iliyopita injini yake ilikohoa angani, akatua salama, akakuta maji kwenye mafuta. Angeweza kuyamwaga akanyamaza. Yeye akaandika ripoti kamili, akakiri kwamba asubuhi ile hakupima mafuta kwa sababu alichelewa, akaituma mwenyewe. Msema kweli mpenzi wa Mungu, alituambia. Kwa Mungu sijui, ila ofisini walimsimamisha miezi minane. Hakuna aliyeuliza maji yaliingiaje. Waliuliza nani hakupima, na jibu alikuwa amewaandikia yeye mwenyewe. Sisi wengine tukaelewa. Mwenzio akinyolewa, zako tia maji. Tangu siku ile kutoka kwetu ofisi ilipata ripoti za hali ya hewa tu.

Basi mwezi wa tatu mwaka huu nilikuwa Rujewa, huko Usangu. Msimu wa mpunga nafanya kazi ya kunyunyizia dawa ya kweleakwelea, wale ndege wadogo wanaoweza kumaliza shamba la mtu kabla hajamaliza uji. Hunyunyiziwa jua likizama, wakiwa wamerudi kulala kwenye matete, na ili dawa iwapate unashuka chini sana. Utaratibu unasema kabla ya kushuka, zunguka kwanza juu, angalia kuna nini kipya. Sikuzunguka. Mahali pale nilipajua kama sebule yangu, nimepanyunyizia misimu mitano.

Nikashuka. Mbele yangu ukatokea waya.

Ulikuwa waya mpya wa umeme, umevutwa kwenda kwenye pampu ya maji, nguzo zake zimejificha ndani ya migunga pande zote mbili. Nilivuta usukani kwa nguvu zote. Sijui nilipita juu yake kwa kiasi gani. Najua tu kwamba nilipotua niliketi kwenye nyasi. Nilifikiria watoto wangu wawili, nikalia kama mmoja wao.

Niliporudi Iringa nikaandika ukurasa wangu: mahali, waya, na kwamba sikuzunguka. Mwezi wa nne Vitus, tunayefanya naye kazi, akaandika kuhusu waya uleule. Mwezi wa tano akaandika mwingine ambaye hati ya mkono wake siijui.

Mama Kartik anazijua hati zetu zote, ingawa hatamki. Asubuhi moja alinivuta jikoni.

"Libe, huo waya sasa ni ukurasa wa tatu."

"Nimeona, mama."

"Wanaokunywa chai yangu wanajua. Juni zinakuja ndege nyingine za dawa, marubani wa mbali. Hao nani atawaambia?"

"Nikisema, wataniuliza kwa nini sikuzunguka. Nitaenda njia ya Sedekia."

Hakunilaumu. Angenilaumu ningejisikia nafuu. Alikoroga tu unga wake, nami nikaondoka na aibu yangu, na yeye akabaki na yake. Ya kwake sikuijua mpaka baadaye.

Wiki ya mwisho ya Mei nipo mezani, mdomo umejaa kachori, akaingia mtu wa suti ya kijivu na mkoba. Nilimtambua papo hapo: Timotheo, mkaguzi kutoka ofisi ileile. Iringa mjini hakuna siri, na habari za daftari zilikuwa zimemfikia. Mimi, rubani wa miaka kumi na minane, baba wa watu, nikainuka taratibu nikaingia jikoni na kujificha nyuma ya gunia la viazi. Kutoka pale nilisikia kila neno.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kamwene. Chai?"

"Hapana, mama, nipo kazini. Naambiwa unalo daftari la marubani. Ningeomba kuliona."

Nikamsikia akiliondoa debe la dengu. Ukurasa wangu una hati yangu, na hati yangu ipo kwenye kila fomu ofisini kwao. Mama huyu anatuuza, nikasema kimoyomoyo. Mungu anisamehe.

"Hili hapa," alisema Mama Kartik. "Kalamu hii. Anayetaka kusoma anaandika kwanza."

"Niandike nini?"

"Kosa lako. La kazi. Moja tu linatosha."

"Mama, mimi ni mkaguzi."

"Ndiyo, nimesikia. Mkaguzi hakosei?"

"Naweza kuleta barua ya serikali, ukanipa bila masharti."

"Lete, baba. Nitakupa, mimi siwezi kupigana na serikali. Lakini ukilichukua kwa barua, hilo ndilo daftari la mwisho. Hawataandika tena, na wewe utakaa na makosa ya zamani. Mapya yatakuwa huko juu angani, hakuna anayeyajua."

Nilidhani ameondoka. Kisha nikasikia kiti kikivutwa, na sauti ndogo ikasema, "Basi niletee hiyo chai."

Alikaa karibu saa nzima. Magoti yangu yalikufa ganzi nyuma ya viazi. Mama Kartik aliingia jikoni mara mbili kuchukua maziwa, mara zote mbili akapita kana kwamba mimi ni kiazi. Mwishowe Timotheo aliaga na kuondoka, nami nikatoka nikiwa na vumbi usoni.

"Ameandika?"

"Soma mwenyewe. Lakini sharti unalijua."

Nikachukua kalamu, nikaandika: *Mkaguzi alipoingia nilijificha nyuma ya gunia la viazi, nikamdhania vibaya mtu asiyestahili.* Ndipo nikafungua ukurasa uliotangulia. Ilikuwa hati iliyonyooka, ya mtu wa ofisi:

*Ripoti ya maji kwenye mafuta ilipita mikononi mwangu. Nilijua rubani anasema kweli, na nilijua kosa kubwa lilikuwa la waliotunza mafuta. Nilisaini barua ya kumsimamisha kwa sababu kumwadhibu mtu mmoja kulikuwa rahisi kuliko kuuliza maswali. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniambia kitu.*

Chini yake, kinyume cha masharti, aliweka jina lake kamili. Ndilo jina pekee katika madaftari yote sita. Nilisoma mara tatu, na hasira ya miaka minne ikanitoka bila kuaga.

Daftari Timotheo hakulichukua. Mama Kartik alinieleza kwamba mkaguzi alinakili mahali na hatari tu, kwa mkono wake, hakunakili siku wala maneno ya mtu. Kabla ndege za Juni hazijaja, tangazo la waya wa Rujewa lilikuwa limetufikia marubani wote, halina jina la aliyeuona, na kwenye waya wenyewe yametundikwa maboya makubwa ya rangi ya chungwa ya kuwaonya marubani. Sedekia naye aliletewa daftari pale hotelini. Aliandika lake, akasoma, akanywa vikombe viwili vya maziwa. Wiki iliyofuata nasikia alimpigia Timotheo simu kumweleza habari za ng'ombe wanaokatiza uwanja mmoja kule Usangu. Simaanishi kwamba tunaiamini ofisi. Tunamwamini Timotheo, tena siku za kazi tu.

Mwezi wa saba nilikuwa napeleka vipuri Mbeya kwa ndege yetu ya viti sita, viti vikiwa tupu. Nilimwomba Mama Kartik apande, kwa mazoea tu, nikisubiri jibu langu la miaka yote. Akafuta mikono kwenye aproni.

"Nitahitaji sweta?"

Basi akaandikwa kwenye orodha ya abiria, kila kitu kihalali, akaja uwanjani na sweta mbili, kapu la bajia za mjukuu, na mkoba aliokuwa ameukumbatia kifuani. Nilizunguka ndege nikaikagua yote. Nilipima mafuta mara mbili, kwa sababu alisimama nyuma yangu akitazama. Tukapaa. Kwa dakika kumi alifumba macho na midomo ikimchezacheza kwa sala. Kisha akafumbua moja, halafu la pili, na hakuyafumba tena.

"Libe! Milima yote hii ilikuwa hapa?"

Tulipofika juu ya Usangu, mashamba ya mpunga yaliyovunwa yalitandazwa chini yetu kama vitenge vilivyoanikwa. Akaniuliza kwenye spika za masikioni Rujewa ni ipi. Nikamwonyesha.

"Na waya?"

"Uko pale, karibu na mfereji. Kutoka huku huwezi kuuona, mama. Tuko juu sana."

Aliegemeza paji la uso kwenye kioo.

"Kwa hiyo wewe ulikuwa chini kiasi gani ukauona?"

"Chini sana."

Hakusema tena mpaka uwanja wa Songwe, Mbeya. Nilidhani hofu imemrudia, nikajilaumu kwa kumjibu ukweli. Tulipotua nikaanza kujaza karatasi zangu, na yeye akakaa palepale kwenye kiti, akafungua ule mkoba, akatoa daftari. Halijawahi kuvuka mlango wa hoteli tangu enzi za Mzee Umakant.

"Mama, umelileta huku?"

"Miaka kumi na tisa nasoma," alisema. "Sijawahi kuandika. Nipe kalamu yako."

Aliandika polepole, kisha akanigeuzia nisome. Nilimkumbusha kwamba mimi sijaandika langu. Akasema leo ameniona nikikagua ndege, amenisamehe.

*Nilijua habari za waya tangu mwezi wa tatu. Nilinyamaza ili watoto wangu wasinyang'anywe leseni. Nilisahau kwamba na wale wasiokunywa chai kwangu wana mama zao.*

Nilimshika mkono nikamteremsha, na nje ya uzio Jinal alikuwa anaruka kama mtoto huku mjukuu akipunga mikono yote miwili. Hatua tatu kabla ya kuwafikia Mama Kartik akasimama, akageuka, akautia mkoba mikononi mwangu niende nao Iringa, daftari lirudi chini ya debe lake.

"Jumapili unarudi kunichukua saa ngapi?" akaniuliza. "Kwenye basi mimi sipandi tena."