Kipini cha Chaki Nyeupe

Mama hakupenda kupigwa picha. Harusini, akiona mtu anainua simu, alijifunika uso kwa leso na kumtukana kwa adabu. Picha yake ilikuwa moja tu duniani, ya kitambulisho, na alipofariki kikachukuliwa ofisini tulipokwenda kuandikisha kifo. Nilikitoa kwa mkono wangu mwenyewe. Hata kutoa kopi sikukumbuka. Majuto ni mjukuu, na wangu alifika kabla ya arubaini.

Hofu yangu ilikuwa moja: kuisahau sura yake. Ndipo nikamwendea mwalimu mstaafu wa uchoraji, mzee wa Rabai aliyepanga chumba nyuma ya soko la Malindi, nikamwambia nataka kumchora mama.

"Hujui kuchora mtu," akasema. "Anza na huyu."

Akanipa ukurasa uliokatwa kwenye kitabu: mwanamke mzee wa Kizungu, kajifunga kitambaa kichwani, kachorwa kwa chaki nyeusi na nyekundu na fundi aliyekufa karne nyingi zilizopita. Ameangalia kushoto, kama aliyesikia mtu mlangoni. Mama alikuwa kinyume chake. Alikutazama machoni mpaka useme kweli.

"Usichore pua, chora kivuli cha pua," mwalimu alirudia kuniambia kila siku. "Mnakili mpaka mkono uende wenyewe."

Nikamnakili miezi saba. Mimi ni mbishi, kazi ikinishinda ndiyo naing'ang'ania. Kope, mashavu yaliyobonyea, kidevu. Vidole vyangu vilikuwa vyekundu hata wakati wa kula. Mwishowe mkono ukaenda wenyewe, na mwalimu akasema, "Haya, sasa mchore mama yako."

Nyumbani nikafumba macho, nikamwona vizuri kabisa. Nikafumbua, nikachora, na karatasini akatokea yule mwanamke wa Kizungu. Nikaichana. Karatasi ya pili, yeye. Ya tano, yeye, anaangalia kushoto. Niliogopa, sitaficha. Nilihisi nimemfungulia mlango mgeni, naye akaketi mkekani pa mama.

Ile ya mwisho sikuwahi kuichana. Mama mdogo, ndugu pekee wa mama aliyebaki, aliingia bila hodi. Yeye ndiye aliyekuwa akinionya kwamba kesho kiyama nitaambiwa nikitie roho nilichochora, nisiweze. Nikasubiri matusi. Akaishika karatasi, akaketi, akalia.

"Ndiye," akasema. "Ndiye dada yangu, wallahi. Mbona hukumtia kipini chake cha puani?"

Ningemwambia. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini alikuwa akimpapasa shavu kwa kidole, na tangu mazishini hakuwa ametoa chozi. Nikachukua chaki nyeupe, nikaweka nukta moja ubavuni mwa pua. Tukaitundika sebuleni. Watoto wakija huonyeshwa: huyo ndiye nyanya yenu.

Niliyejua ni mimi peke yangu, na sasa hata mimi sina tena wa kumlinganisha naye. Namkumbuka mama jikoni, anakuna nazi, ananikaripia kwa kuchelewa. Sauti ni yake. Namwita anitazame, kama alivyokuwa akinitazama. Kipini kinang'aa, na uso umegeuka kushoto.