Hodi ya Nne

Jumamosi moja tuliwafundisha vijana kukosa adabu mlangoni, na waliifanya kazi hiyo kwa moyo mmoja hata jirani wa darasa letu, hapa mtaa wa Ng'ambo, akaja mbio na upawa mkononi kuuliza nani kafa.

Darasa lenyewe ni la vijana waliomaliza skuli na hawajui waende wapi. Tunaliendesha mimi na muuguzi mmoja mstaafu, na tunachosomesha ni tumaini. Wazazi walicheka mwanzoni: tumaini nalo lina mwalimu? Tukawaambia tunalisomesha kama mapishi. Kijana anataja jambo dogo analolitaka, anatafuta njia ya kulifikia, na njia ya akiba ikiwa ile ya kwanza itaziba. Kisha anachagua mtu mzima mmoja ambaye, siku moyo ukimwelemea, atakwenda kwake bila kungoja kualikwa. Kazi ya wiki ile ilikuwa kwenda kumpa mtu huyo taarifa.

Wengi walirudi wakichekelea. Mmoja alimchagua kinyozi. "Kanambia nije wakati wowote," alisema, "ila kwanza niote ndevu."

Msichana mmoja hakucheka. Tangu matokeo ya mtihani yatoke alikuwa halali vizuri, na muuguzi alikuwa akikaa naye pembeni kila wiki. Yeye alimchagua shangazi yake, anayekaa ghorofa ya juu Mji Mkongwe.

"Hanitaki," alisema.

"Kakwambia?" nilimuuliza.

"Nlipiga hodi tatu. Hakuitika. Nkarudi zangu."

"Hebu piga kama ulivyopiga."

Akapiga. Nilikuwa nimekaa ubavuni pake na nilisikia kwa shida, sembuse mtu aliye juu, nyuma ya mlango mnene wa mji ule. Lakini darasa zima liliitikia kwa kichwa. Wote wamelelewa hivyo: hodi tatu, sauti ya chini, usipojibiwa ondoka wala usichungulie dirishani. Ni adabu nzuri. Ila anayeuhitaji mlango kuliko wote, mara nyingi ndiye aliyebakiwa na sauti ndogo kuliko wote.

"Basi leo tunapiga ya nne," alisema muuguzi.

"Bi, chuo cha Kurani tumefundishwa tatu!" alidakia kijana wa nyuma.

"Tatu za kusikika, mwanangu. Hizi za mwenzako hata nzi hakugeuka."

Tukafunga mlango, wakawa wanatoka mmoja mmoja na kupiga hodi kutoka uani. Yule wa kinyozi ndiye aliyemtoa jirani jikoni kwake. Zamu ya msichana ilipofika, waliokuwa ndani waliuliza, "Nani huyo, paka?" Akarudia. "Paka mgonjwa!" Mara ya nne alipiga ukelele huku anacheka, na darasa zima likaitikia, "Karibuuu!"

Yaliyofuata nilihadithiwa na shangazi mwenyewe, tulipokutana sokoni Darajani. Msichana alikwenda tena saa ya watu kulala mchana, akapiga hodi kama alivyofunzwa. Shangazi akatoa kichwa dirishani: "Una wazimu wewe? Mtaa mzima umeshtuka!" Kisha akamteremshia ufunguo kwenye kikapu cha kamba.

"Miezi mingapi nasema huyu mtoto kanitupa," alinambia, "kumbe alikuja akarudi."

"Na sasa?"

"Anakuja. Anakula, anaosha vyombo, ananisuka. Najua ana jambo. Mara anafungua mdomo, mara anaufunga."

"Umemuuliza?"

"Nachelea atakimbia."

Nilimfikishia muuguzi habari hizo, naye akampigia shangazi simu papo hapo: mtoto aulizwe kinachomwelemea, tena waziwazi, na akianza kusema asikatizwe. Shangazi akasema atamuuliza Ijumaa, wakishakula.

Leo ni Alhamisi.